Asili Chini ya Mstari

Nilikwenda Mtoni kuhesabu watoto. Suleiman, mume wangu, nilimuaga kwamba nafuata karatasi Kariakoo. Kazini niliomba ruhusa ya msiba wa shangazi ambaye sina. Ilikuwa Jumamosi, jua la saa nne limeshaanza kuuma, nami nimesimama mbele ya mama mmoja anayekaanga mihogo pembeni mwa Barabara ya Kilwa, namuuliza kwa Baba Lulu ni wapi.

"Baba Lulu," akarudia, huku akigeuza vipande vyake kwenye karai. "Mtaa huu hayupo."

Nikasema yupo, ni fundi friji, mrefu, ana mwanya, akitembea bega la kushoto linatangulia kama linamwonyesha njia. Mama akacheka kicheko cha polepole, cha mtu aliyepata cha kusimulia baadaye.

"Si useme Baba Tekla. Unamvisha mtu jina lisilo lake, halafu unamtafuta. Utampata saa ngapi?"

Akanielekeza nipinde kwa muuza mkaa, nihesabu milango mitatu. Nikashukuru, nikaondoka na lile neno lake limenikaa kooni. Jina lisilo lake. Mie ndiye niliyemwita Baba Lulu kwa mara ya kwanza, wodini, mtoto akiwa na saa tatu tu duniani na bado hajajua kulishika titi. Mbwana, baba wa mtoto, alicheka siku ile, akajishika kichwa kama mtu aliyevishwa kofia akawa anaipima kama inamkaa. Ilimkaa. Kinondoni nzima ilimjua kwa jina hilo, kuanzia muuza maji mpaka imamu. Sikujua kwamba jina la namna ile linavuliwa. Nilidhani mtu akihama anahama nalo.

Mlango wa tatu ulikuwa geti la mabati, limeachwa wazi. Ndani uwa mpana wa wapangaji, kamba ya nguo imevuka katikati. Nikaanza kuhesabu kwa kamba: sketi ya shule ya bluu, kaptula ya shule, nepi za kitambaa saba. Basi ni kweli, nikasema, wapo. Kisha nikamwona mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo kanigeuzia, anamkata kucha mtoto wa kiume wa miaka kama saba, kidole kimoja kimoja, na kila akimaliza kidole anakipuliza. Msichana mkubwa kidogo alikuwa amesimama nyuma yake, kiwiko kakiegemeza begani kwake, anangoja zamu.

Nilijibanza kwenye bati. Lulu alikuwa na miaka sita, na kucha zake nilizikata mimi, zote, tangu zikiwa laini kama ganda la kitunguu.

"Karibu dada, unamtafuta fundi?"

Mwanamke alikuwa amefika nyuma yangu na ndoo ya maji kichwani na mtoto mchanga mgongoni. Mnene kiasi, sauti ya bara, macho yasiyo na shaka na mtu. Nikamwambia jambo la kwanza lililonijia mdomoni, kwamba friji langu haligandishi. Akataka kumwita mumewe. Nikasema amwache, amalize na mtoto, nitarudi.

"Basi ngoja nikupe maji, jua hili si la kukuacha hivihivi."

Akaingia, akatoka na kikombe cha plastiki. Nikayanywa maji yake palepale getini, yote, naye akanishikia mkoba.

*

Barua ilikuwa imenifikia wiki mbili kabla ya siku hiyo. Nikiikumbuka sasa, mwaka wa nne umeshapita, naona kwamba haikuwa barua mbaya. Ilikuwa imeandikwa kwa adabu na kuchapwa vibaya, nami nachapa barua za watu kwa riziki yangu, kwenye duka la steshenari pale Hananasif, kwa hiyo kasoro za kuchapa niliziona kabla ya maana. Mbwana aliiomba ofisi ya ustawi wa jamii ipunguze matunzo ya mtoto Lulu. Alieleza kwamba hali imebadilika, ameoa na ana familia. Katika mshahara wake ametenga laki mbili na arobaini kwa ajili ya watoto, watoto ni wanne, hivyo kila mmoja anamwangukia elfu sitini.

Tulikuwa tumekubaliana laki na ishirini. Tuliandikishana ofisini hapohapo, Lulu akiwa na miaka miwili, tulipoachana bila kelele, kama kitambaa kilichofuliwa mpaka kikachanika chenyewe. Na fedha ile ilikuwa na kazi moja tu. Lulu haoni mbali. Darasa lake la kwanza lilikuwa na watoto mia na thelathini, akakalishwa sakafuni nyuma kwa sababu alichelewa kujiandikisha, na mwalimu wake, mtu mwema aliyezidiwa, akaniambia mtoto huyu mzito. Kumbe hajawahi kuuona ubao. Nilimtafutia miwani, na shule ndogo ya watoto ishirini na watano, kiti cha mbele. Miezi miwili baadaye alinisomea maandishi ya mfuko wa unga, mpaka tarehe ya kuharibika. Ada, gari la shule na miwani vilimaliza ile laki na ishirini yote. Sitini maana yake ilikuwa sakafu ya nyuma.

Mimi si mtu wa kulia na barua. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni wakati huo, nikiyamalizia yale niliyoyaacha kidato cha pili, na ukimpa mtu wa masomo ya jioni karatasi yenye namba, ataitazama namba kwanza. Tulisomea kwenye chekechea, tukikalia viti vya watoto magoti yakigusa kidevu, na Mwalimu Edgar alikuwa mtu anayegawa kila kitu: chapati, shamba, siku. Alitukumbusha sehemu za shule ya msingi. Namba ya juu ya mstari ni kiasi, namba ya chini ni asili. "Asili ikinenepa, sehemu inakonda," alituambia, akafuta ubao kwa kiganja. Niliupenda msemo ule kwa namna ambayo wengine wanapenda wimbo.

Nikaigeuza barua ya Mbwana nyuma, nikachora mstari. Juu laki mbili na arobaini. Chini, nne, ndiyo sitini. Lakini nilijua habari zake kwa mbali, kwamba alioa mwanamke aliyekuja na watoto wawili, na kwamba wamezaa mmoja. Basi wake wa kuzaa ni wawili, Lulu na yule mchanga. Nikaweka mbili chini ya mstari, na laki na ishirini ikanirudia, kamili, haina salio. Nilishangaa jinsi kiti cha Lulu kilivyosimama juu ya jambo dogo kama hilo, namba moja chini ya mstari iwe mbili au iwe nne. Ndiyo maana nikaenda Mtoni. Nilitaka kuiona ile nne kwa macho.

Niliporudi nilichapa kurasa mbili. Nilizichapa vizuri. Nilitafuta maneno ya kisheria kwenye nakala ya Sheria ya Mtoto tuliyokuwa tukiwatolea watu kopi, na pale penye kiini cha hoja nikaweka wino mzito: watoto wa kufikia wasiingizwe katika hesabu, kwa kuwa wana asili nyingine. Nikaisoma sentensi ile mara tatu nne. Asili chini ya mstari, na asili ya mtu alikotoka, zote katika neno moja. Nilijiona nimesoma.

Suleiman aliisoma jioni ile, akiwa bado na sindano tatu mdomoni, maana ni fundi cherehani na sindano kwake ni kama jino. Akazitoa moja moja.

"Imekaa vizuri," akasema. Kisha akaikunja kwa kufuata mikunjo yangu, taratibu, akanirudishia. Akazirudisha sindano mdomoni, moja moja.

*

Asubuhi ya kikao jino la Shamimu lilikuwa linaning'inia. Lilimsumbua siku tatu, hali chakula, akawa anazungumza kwa upande mmoja. Shamimu ni binti wa Suleiman. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, na nilipoolewa alikuwa na sita, akanipokea kama mgeni wa heshima. Aliniita Mama Lulu, akanipisha mlangoni. Asubuhi ile alikuwa na tisa. Nililifunga jino kwa uzi wa cherehani, nikamwambia ahesabu mpaka kumi, nikalivuta kwenye sita. Akanitazama kwa kusalitiwa, halafu akacheka na pengo lake, akakimbia nje kulirusha juu ya bati ili limpe jipya. Nikavaa haraka, nikatoka.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye kabati la mafaili na feni inayotikisa kichwa. Afisa alikuwa Bi Eliaichi, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Mbwana alikuwa amekwishafika, kavaa shati la mikono mirefu. Pembeni yake mkewe na mtoto mchanga.

Yule mwanamke alinitazama, akainamisha kichwa upande mmoja, akanitazama tena.

"Dada wa friji," akasema. "Kumbe ndo wewe. Vipi, limeganda?"

Niliona aibu mpaka masikioni. Mbwana aligeuka kutoka kwake kuja kwangu. Bi Eliaichi akauliza friji gani, na yule mwanamke, Felicitas, akajibu kwa upole kwamba ni utani wa majirani. Hakunichongea. Mpaka leo sijui kwa nini.

Mbwana alieleza yake. Hakudanganya hata neno moja, na hilo liliniudhi zaidi. Alisema Tekla na Stanley aliwakuta wana miaka saba na minne, wanalala kwake, wanakula kwake, wakiugua ni yeye anayekesha, shuleni wameandikwa jina lake kama mlezi. Akasema hamkatai Lulu, ila mkate ni uleule na wanaoukata wameongezeka. Akamaliza na hesabu yake ya wanne.

Bi Eliaichi akamwambia pale hawagawi andazi. Akatueleza, kwa sauti ya mtu aliyekwishaeleza mara elfu, kwamba sheria haina mgawanyo wa idadi. Inamtaka atazame kipato cha baba, na cha mama pia, atazame mzigo wa watoto wengine walio mikononi mwa kila mmoja, atazame na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Akishindwa yeye, mahakama ya watoto ndiyo itakayoamua. Akanigeukia.

Nilisimama. Hakuna aliyeniambia nisimame, lakini shuleni tulizoea hivyo. Nikasoma kurasa zangu mbili, na nilipofika kwenye wino mzito nikapunguza mwendo. Watoto wa kufikia wasiingizwe katika hesabu, kwa kuwa wana asili nyingine.

Felicitas aliinua kichwa kwenye neno asili. Hakukasirika. Alinitazama kwa udadisi, kama ninavyowatazama mimi watu wanaoleta barua ngumu dukani, nikijiuliza ni nini kimewafikisha pale. Mtoto alikuwa ananyonya, na mkono mmoja wa mama yake ulikuwa umelifunika sikio lake.

"Umeandika vizuri," Bi Eliaichi akasema, na nikaona ananiamini. Akavaa miwani, akavuta fomu. "Haya, na upande wako nijaze. Una kazi?"

"Steshenari."

"Umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Watoto wangapi nyumbani?"

"Wawili."

"Majina."

"Shamimu na Lulu."

Kalamu iliandika Shamimu, ikasimama. Bi Eliaichi akarudi kwenye faili, akapekua, akairudia ile karatasi yetu ya zamani yenye jina moja tu la mtoto. Akaishusha miwani.

"Huyu Shamimu umemzaa wewe?"

Feni iligeuka kwangu, ikaondoka. Nilielewa nilichokifanya kabla hajamaliza kuuliza. Hakuna aliyenitega, aliniuliza swali la kawaida na mdomo wangu ukajibu kwa kawaida yake. Na nilikuwa bado na nafasi. Ningesema hapana, huyo ni wa mume wangu, andika mmoja, na kurasa zangu zingesimama imara kama nilivyozichapa. Lulu angebaki kiti cha mbele. Niliyapanga maneno hayo, nikayaona yote yapo. Nikainamisha macho ili niyaseme, na kwenye mkono wa blauzi yangu nyeupe, karibu na kifungo, palikuwa na tone la damu la ukubwa wa punje ya mtama. La lile jino.

"Sikumzaa," nikasema. "Ila andika wawili."

"Umeelewa lakini unachokiandikisha?" Sauti yake ilikuwa imeshuka, ya mama na mwana sasa. "Nikiandika wa kwako wa kufikia, na wa mwenzio lazima niwaandike. Siwezi kuwa na mizani mbili meza moja."

"Nimeelewa, mama."

Mbwana alikuwa anatazama viatu vyake. Nilitegemea nitamwona kafurahi, nikajitayarisha kumchukia kwa hilo. Akafuta uso kwa kiganja, akauliza, kwa sauti ndogo, Shamimu ana miaka mingapi. Nikamwambia tisa.

Bi Eliaichi aliandika kwa muda mrefu. Mwisho akapendekeza elfu themanini kwa miezi sita, halafu turudi. Nikazitazama zile namba zikielekea chini juu ya karatasi yake, na nikajua lile darasa la watoto mia na thelathini linamsubiri Lulu, na sakafu. Elfu arobaini iliyopungua sikuwa nayo. Nikauma meno nikatia sahihi.

Lakini hakuwa amemaliza. Akamgeukia Felicitas, akamuuliza hawa wawili baba yao ni marehemu.

"Yupo," Felicitas akasema. "Albano. Anaendesha lori, makazi yake Kahama."

"Amewahi kuitwa?"

"Aitwe na nani?"

Hapo Mbwana alipandisha sauti kwa mara ya kwanza. Akasema watoto wake hawatembezewi bakuli. Yule mwanaume miaka mitano hajawaulizia hata homa, leo wakampigie magoti, yeye akiwa hai, anafanya kazi? Tekla anamwita baba. Bi Eliaichi anataka nani amwambie Tekla kwamba ana baba mwingine wa kudaiwa?

Bi Eliaichi alimwacha amalize.

"Baba Tekla," akasema, na nikagundua kwamba hilo jina sasa halikunichoma, "umekuja hapa kuwahesabu ili upunguziwe. Nimekupunguzia. Lakini huwezi kuwahesabu kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukamficha aliyewazaa. Kulea umelea, Mungu akulipe. Yeye aliyezaa halipwi kwa kukimbia."

Felicitas ndiye aliyejibu, akimwambia mtoto aliyempakata zaidi kuliko sisi, kwamba yeye angemwita zamani, ila hakujua pa kuanzia.

*

Alinikuta nje, kwenye benchi la barazani, nikijaribu kulisugua lile tone kwa mate. Mbwana alikuwa ameshatangulia kituoni kwa hasira. Felicitas akakaa, akanyoosha miguu.

"Zile karatasi umechapa mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

"Na mie nichapie. Bei gani?"

Ningependa kusema niliguswa na huruma tu, na huruma ilikuwepo. Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu kabla hajamaliza kuuliza. Albano akitoa, mzigo wa Mbwana unapungua. Ukipungua, baada ya miezi sita Bi Eliaichi ataandika namba nyingine. Kiti cha Lulu kilikuwa kimehamia Kahama, chini ya dereva wa lori nisiyemjua. Nikamwambia aje Jumatatu, ya kwanza haina bei.

Alikuja na kanga ya kumfunika mtoto na kadi ya kliniki ya Stanley iliyochakaa. Nikamuuliza yanayohitajika: tarehe za kuzaliwa, shule, jina kamili la baba. Kisha nikajikuta namuuliza yasiyohitajika. Tekla anapenda nini, nikauliza. Hesabu, akasema, ila anaogopa lifti, aliiona mara moja Kariakoo akakataa kuingia, wakapanda ngazi ghorofa saba. Na Stanley? Stanley anakula ugali kwa chai, hali kwa mchuzi, usimuulize kwa nini. Mchana mzima wateja walisimama nyuma yake na vitambulisho vyao vya kutoa kopi.

"Na haya nayo yanaandikwaga?" akaniuliza.

"Hayaandikwi. Nauliza tu."

Akanitazama, akacheka kicheko kifupi. Nilipofika kwenye maelezo ya watoto, vidole vyangu vilitaka kuandika wa kufikia kwa mazoea. Nikafuta. Nikaandika majina yao.

Ile miezi sita ilikuwa mirefu. Nilimwendea mwalimu mkuu wa Lulu nikamweleza ukweli wote, akakubali ada kwa vipande, ila gari la shule lazima lilipwe kamili au mtoto asipande. Tukaliacha gari. Nilidhani itabidi nimpeleke mimi, nichelewe dukani kila siku mpaka nifukuzwe. Jumatatu ya kwanza nilimkuta Shamimu mlangoni saa kumi na mbili na nusu, hijabu imeshafungwa, mkoba wake mgongoni na wa Lulu kifuani, kama punda wa sokoni. Hakuwa ameulizwa. Shule yake iko upande mwingine kabisa. Nikamwambia atachelewa. Akasema akitembea haraka hachelewi, ameshapima.

Alipima kweli, maana nilimfuata kwa mbali siku ya kwanza, nikijificha nyuma ya watu. Alimshika Lulu mkono, yeye akikaa upande wa barabara, akamvusha, kwenye tope akambeba. Getini alimfuta miwani kwa pindo la hijabu yake, akaitazama kwenye mwanga, akairudia, akamvalisha. Kisha akakimbia. Alikimbia njia nzima ya kurudi, mkoba unampiga mgongoni, na mimi nimesimama nyuma ya kibanda cha vocha nikiwa siwezi kumwita.

Albano alipatikana mwezi wa nne wa ile miezi sita. Alikuja na simulizi ndefu za barabara, na akaandikishwa elfu hamsini, ambazo mwezi mwingine hutuma na mwingine hatumi. Mbwana, nilivyosikia kwa Felicitas, hakuzigusa kwa chakula. Alisema za Albano zinunue viatu na daftari, tumbo la watoto ni lake. Lakini tuliporudi kwa Bi Eliaichi hakubishana naye. Ikawa laki moja kamili. Laki na ishirini haikurudi tena, na iliyopungua naifanyia kazi Jumapili. Lulu hajakosa kiti chake hata muhula mmoja.

Kwa kawaida fedha ilikuja peke yake, mlio mmoja kwenye simu, haina salamu. Mwezi ule wa kwanza wa laki moja simu ililia baada ya mlio, Jumamosi mchana, nikiwa nachambua mchele uwani. Jina la Mbwana. Nikampa Lulu. Lulu akazunguka nayo uwa mzima, anamsimulia baba yake mambo bila mpangilio: paka wa jirani, wimbo wa shule, kwamba gari haliji tena lakini yeye anapelekwa na Shamimu, kwamba kuna tope, kwamba kwenye tope anabebwa. Halafu akasikiliza, kidole puani.

Akaishusha simu.

"Anasema nimsalimie Shamimu."

Shamimu alikuwa kwenye mkeka na daftari lake la hesabu, anachora mistari kwa rula.

"Nani?" akauliza.

Nikatafuta neno la kumwambia, huyu ni nani wake. Nilichekecha mchele, nikalitafuta, na lugha nzima nikaiona haina. "Baba yake Lulu," nikasema.

Alifikiri kidogo. Akapuliza vumbi la kifutio kwenye daftari.

"Mwambie shikamoo."

Lulu alipoirudisha simu sikioni ilikuwa imeshakatika. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaichukua, nikamwandikia shikamoo yake.